Barua ya Baba kwa Bwana DC

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, maana Habiba, mke wa mwanangu, atawaambia hivyo hata nisipowaambia mimi.

Mjukuu wangu Ikra aliitwa chuo kikuu pale Chepkoilel, akasomee ualimu wa hesabu. Alikosa kitu kimoja tu, kitambulisho, na bila hicho hasajiliwi. Rafiki yake Benta, waliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alipata chake kwa wiki tatu. Ikra, kwa sababu ya jina lake la Kisomali, aliambiwa aende mbele ya kamati na mzee wake, pamoja na karatasi za kuonyesha ukoo wetu umekuwa Eldoret tangu lini.

Nilicheka. Ni nani mjini hapa ana karatasi kutushinda sisi?

Marehemu baba yangu, Aden, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na pia katibu wa Jumuiya ya Islahi. Walikuwa wanaume kumi na wanane waliotaka kuwanyoosha Waislamu wa mji huu. Walikataza mirungu msikitini. Walipunguza karamu za harusi. Walifungua darasa la wasichana nyuma ya ghala la ngozi, wakati wengine waliamini msichana akijua kusoma ataishia kuwaandikia wanaume barua. Mama yangu alijifunza kusoma humo, kwenye harufu ya ngozi. Mwaka 1937 walimwandikia Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya, barua ya Kiingereza kueleza wao ni nani na wanataka nini, wakatia sahihi wote, na DC akaigonga muhuri wa kupokelewa. Nakala yetu ilining'inia sebuleni ndani ya kioo. Kila Idd, baada ya chakula, nilisimama nikawasomea watoto kwa Kisomali, na sauti yangu ilikuwa ikipanda yenyewe.

"Mzee, hiyo iache ukutani," Habiba aliniambia asubuhi ile. "Beba cheti cha kuzaliwa cha Ikra, kadi ya kliniki na ID ya baba yake. Zinatosha."

"Hii ina muhuri wa Mwingereza."

"Isome vizuri kwanza."

"Nimeisoma miaka hamsini," nikamjibu, tena kwa ukali.

Kamati ilikuwa ya watu wawili: afisa aliyeitwa Sylvia, na Mzee Wanyama, mwakilishi wa wazee wa mtaa, ambaye amenunua sare za watoto wake wote dukani kwangu. Sylvia alitazama vyeti haraka haraka, kisha akashika barua na uso ukamfunguka.

"Nineteen thirty-seven. Mzee, hii ni kitu ya maana," alisema, akaanza kumtafsiria Wanyama kwa sauti. Ngozi, mirungu, darasa la wasichana. Nilikuwa nimekaa kama bwana harusi. Kisha akafika aya ya tatu, akapunguza mwendo.

"'Sisi si wenyeji wa nchi hii, wala hatuombi kuwa. Kwetu ni ng'ambo ya bahari. Tunaomba tusihesabiwe pamoja na wenyeji, tusivalishwe kipande, wala wagonjwa wetu wasilazwe nao wodi moja.'"

Maneno hayo nilikuwa nayajua kwa moyo. Niliyapenda, hata. Lakini sikuwahi kuyasikia yakisomwa mbele ya mtu asiye wa kwetu, na siku ile nilitamani sakafu inimeze.

"Abdirizak," Mzee Wanyama aliniita taratibu, "hawa watu babako hakutaka kulala nao wodi moja ni akina nani?"

"Ni mambo ya mkoloni, Mzee. Kila mtu alikuwa anajitafutia pa kusimama."

"Sijakataa. Nauliza tu ni akina nani. Babangu alivaa hicho kipande shingoni, kibali cha kutembea kwenye nchi yake."

Ikra ndiye aliyesema, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mimi nimezaliwa hapa. Hiyo barua sikuandika mimi."

"Najua, dear," Sylvia alisema, na naamini alimhurumia. "Lakini familia yako ndiyo imeileta kama ushahidi. Siwezi kusema sijaiona. Nitatoa kopi, niweke kwa faili, iende Nairobi."

"Itarudi lini?"

"Kuna za mwaka juzi bado hazijarudi."

Usajili wa chuo ulifungwa Ijumaa ile. Benta aliingia peke yake, akatuma picha ya chumba chenye vitanda viwili. Ikra sasa yuko dukani kwangu, anapima vitambaa vya pazia. Hanilaumu. Ananiletea chai, ananiuliza kama sukari inatosha. Baba yangu alihangaika wasichana wasome, nami nikatumia mkono wake mwenyewe kumfungia kitukuu chake mlango.

Mwezi wa nane, Idil, mdogo wake Ikra, atatimiza miaka kumi na minane, umri wa kitambulisho. Jana, tukila, alimwuliza mama yake aanze kukusanya karatasi gani. Habiba akaendelea kugawa wali. Idil akanigeukia mimi. Nikamwambia hakuna haja, mwanangu, zetu wanazo tayari, kwenye faili Nairobi.