Wembe Shingoni mwa Kaka

Kinyozi huyu hakuokotwa jalalani. Babu yake alinyoa mahakimu, watu wasiomfumbia macho yeyote isipokuwa yeye. Baba yake aliurithi wembe ule ule, akaunoa kwenye ukanda ule ule wa ngozi, na hakuna mteja aliyepata kutoka kwake akijishika shingo. Wazee hao waliacha sharti moja: kinyozi akiutilia shaka mkono wake, aweke wembe chini na aseme sababu waziwazi. Kwa sharti hilo, wakubwa kwa wadogo walijiachia kitini mwao kama watoto wachanga. Mjukuu alilishika kikamilifu, nalo ndilo lililommaliza.

Asubuhi hiyo aliyeketi kitini alikuwa kaka yake, fundi saa, aliyemlea tangu baba yao alipofariki.

"Punguza povu, mdogo wangu. Mimi si sufuria."

"Sufuria ina nafuu, Kaka. Haina mdomo."

Kaka akacheka, akainua kidevu, akafumba macho. Kinyozi akaivuta ngozi kwa kidole gumba, akauteremsha wembe hadi pale mshipa unapopigapiga. Hapo neno likamjia, tulivu, kwa sauti yake mwenyewe: Kandamiza.

Hakuwa na kinyongo. Hakuwa ameonja kileo wala kukosa usingizi. Kaka huyo alikuwa mboni ya jicho lake. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Akautia wembe ndani ya beseni.

"Mbona umenyoa shavu moja?" kaka aliuliza, macho yangali yamefumbwa.

"Nimejiwa na wazo la kukukata koo."

"Mzaha gani huo?"

"Si mzaha, Kaka. Sikulitaka. Limekuja tu."

Kaka akafumbua macho. "Limetoka wapi? Humo kichwani unaishi na nani?"

"Sijui."

Kaka akamshika mkono. "Lakini wembe umeuweka chini. Umechagua. Huyo aliyechagua ndiye wewe, basi tusiongeze neno."

Kinyozi alifungua kinywa akubali, akashindwa. Wazo la kuweka wembe chini nalo lilikuja vile vile: bila hodi, tulivu, kwa sauti ile ile. Hakuliita. Yalifuatana mawili, naye alikuwa amesimama mlangoni tu akipokea wageni. Je, ingekuwaje kama la pili lingechelewa njiani?

"Hata hilo lilikuja lenyewe, Kaka."

Fundi saa, ambaye maisha yake yote aliona gurudumu likisukumwa na gurudumu jingine, alijifuta povu kwa shati lake, akatoka na ndevu za upande mmoja.

Hakuacha kuja, kwani damu ni damu. Lakini alikaa kwenye benchi, ndevu zikimjaa, akizungumzia mvua. Siku moja alijikaza, akaketi kitini. "Ninyoe."

Kinyozi aliinua wembe, akatazama kioo. Kidevu kilikuwa juu. Macho yalikuwa wazi, yakiufuata wembe. Akauweka chini, na safari hii hakusema sababu. Ukanda wa babu ungali unaning'inia ukutani, umekauka na kupasuka.

Nanyi wajukuu zangu mnaojipiga vifua, "nimeamua mwenyewe, nimeamua mwenyewe," acheni kelele hizo. Ketini kimya, mlitazame wazo lijalo likiingia, kisha mseme ni nani aliyelituma. Nawaamuru mnisikie, ningali na pumzi ya kuwauliza.