Mwonjaji wa Kahawa

Chupa ilikuwa ndogo kama kidole gumba, na ndani yake mafuta yalikuwa yamejitenga tena, yakaelea juu ya ule umajimaji mzito. Niliitikisa kwa mazoea, nikairudisha mfukoni. Mbele yangu, mume wangu Lwitiko alikuwa kitandani na barakoa ya oksijeni, akihema kwa mabega.

"Mama," daktari alisema kwa mara ya tatu, "hiyo sigara ya umeme aliyokuwa akivuta ilikuwa na nini ndani? Nisipojua, natibu kwa kubahatisha."

Nilitazama vigae vya sakafu. Tangu alipolazwa juzi nilikuwa sijalia wala kuogopa. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino, ikasambaa mwili mzima.

Mimi ndiye ninayeuza vimiminika vya sigara hizo hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori. Vya kawaida hutoka ng'ambo, vya embe na mnanaa. Madereva wakaniomba chenye ladha ya kwetu. Nikachukua kahawa ya shamba letu la Itaka, nikaikaanga, nikaisaga, nikailoweka wiki nzima kwenye mafuta ya alizeti, nikachuja kwa kitambaa na kuchanganya na kile kimiminika cha ng'ambo. Alizeti tunaipikia kila siku, ingemdhuru nani? Nikabandika karatasi: Tikisa kwanza. Nilivyojivuna, mjinga mimi.

Mwonjaji alikuwa Lwitiko. Miaka kumi na minane aliwaonjea kahawa wanunuzi wa Mlowo. Anafyonza kijiko kwa kelele, anafumba macho, anatema kwenye ndoo. Moshi wangu aliuonja vilevile, kila mchanganyiko, miezi minne. Ila huu haukuwa na ndoo ya kuutemea.

Nikaiweka chupa mkononi mwa daktari. "Kuna mafuta ya kupikia," nikasema. "Niliyatia mwenyewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliandika haraka kwamba mafuta yameingia mapafuni, akamwita muuguzi.

Lwitiko akaisogeza barakoa. "Niliyasikia," akanong'ona. "Siku ile ya kwanza. Mafuta yanabaki kooni, hayajifichi."

"Mbona ulisema ni safi?"

"Ulikuwa unacheka, mama Rozi. Nikaona nisikuharibie."

Nilimrudishia barakoa puani.

"Wengine walionunua," daktari akauliza akiwa mlangoni, "unawafahamu?"

Nilitoa simu. Wa kwanza alikuwa Osward, dereva wa lori, mteja wangu mkubwa, aliyenisifia hiyo kahawa hadi kwa wenzake wa Zambia. Ikaita mara mbili.

"Dada Ferista!" akapokea kwa kicheko. "Nilitaka nikupigie, changu kimekwisha!" Kisha akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu.

Nikasubiri amalize ndipo nimwambie aache kuvuta, aende hospitali. Ganzi ilikuwa imeanza kuniachia, na ilikuwa inauma.