Orodha Niliyoifuta

Siku ya kumzika mama, kompyuta yangu ya steshenari hapa Mshangano ilikataa kuwaka, na wasifu wa mama wa kusomwa makaburini ulikuwa humo. Kosa ni langu. Kila nilipoiwasha ilileta orodha, ikasubiri sekunde kumi nichague mfumo wa kuiendesha, na mfumo wenyewe ni mmoja tu. Jana yake, nilipomaliza kuandika wasifu, niliingia kwenye faili la kuwashia nikaifuta orodha hiyo, nisisubirishwe tena.

Dada yangu Suzana alikuja mlangoni.

"Kaka, padri amefika. Karatasi iko wapi?"

"Haiwaki."

"Umeigusa?"

"Nimeigusa."

"Wewe! Mama alisema hata redio usipewe."

Makaburini katekista alisema aliyoyakumbuka. Alitaja watoto watatu, sisi tulio hai. Mama alizaa saba. Wale wanne waliokufa wachanga alinitajia akiwa mgonjwa, akataka wasomwe. Niliandika, sikuwashika kichwani. Suzana hakuwahi kuwajua.

Tulifukia. Jumatatu fundi aliirudisha orodha, kompyuta ikawaka, nikachapa wasifu.

Wasiotajwa ni wanne: Aidan, Jane, Remmy, na Benedikta aliyeishi siku mbili.