Uso wa Matroni na Unga wa Choo

Itangazwe kwa umma wote wa Almora, mji wetu wa milimani India, walio mlimani na walio bondeni, kwamba mimi, Trilok Rautela wa darasa la kumi, ndiye mwanasheria mkuu wa Bweni la Kaskazini. Ofisi yangu ni kitanda cha juu, jirani na choo, na sheria nimeisomea kwenye gazeti lililofungiwa karanga.

Mteja wangu wa kwanza ni matroni wetu, Mama Pangtey. Kama mama yeyote wa rika lake huku kwetu, hawezi kunywa chai kabla hajawatumia ndugu zake wote picha ya "Asubuhi Njema" yenye mawaridi, mungu mmoja au wawili, na uso wake mwenyewe pembeni. Aliniomba nimwekee kwenye simu programu ya kutengenezea picha hizo. Nikamwekea.

Jumapili, siku pekee tunayopewa simu zetu, uso ule ule ulitutazama kutoka kwenye tangazo. Chini ya tabasamu lake paliandikwa: "Choo kilinigomea miaka mingi. Sasa, kwa unga huu, kila asubuhi ni sikukuu."

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Mama Pangtey hakucheka. Binti yake, Hemlata, anachumbiwa na kijana wa mji wa Haldwani, na bibi wa kijana huyo, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wao, alikwisha kuliona tangazo. Akapiga simu kuuliza, kwa upole, kama maradhi hayo hurithiwa.

"Trilok, mwanangu," matroni akaniambia, "wameniibia uso."

"Wametumia taarifa binafsi bila ridhaa," nikasema, nikiweka tai yangu sawa. "Tutawaburuta mbele ya tume ya kulinda walaji mpaka watafute leso."

Tukaenda kwa wakili wa kweli, Bwana Harbola, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la halua. Nilimhutubia kwa kirefu: kampuni ya ile programu haikuomba ruhusa, kampuni haina haya, kampuni ifungwe.

"Vizuri sana, mheshimiwa," akasema huku akijilamba vidole. "Hebu iweke hiyo programu kwenye simu yangu, nione."

Nikaiweka. Kidole changu kikajiendea chenyewe kama ng'ombe ajuaye zizi lake: ndiyo, nakubali, endelea, nakubali.

"Ishia hapo," akasema. "Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi. Palikuwa na swali: je, waturuhusu kutumia sura yako katika matangazo ya washirika wetu? Kitufe cha "Nakubali" kilikuwa cha kijani, kipana kama chapati. "Hapana" ilikuwa ya kijivu juu ya kijivu, nyembamba kama unywele ulioangukia kwenye dengu.

"Huu ni mtego, na sheria inaukataza," wakili akasema. "Kesi tunayo. Sasa nipeni shahidi, yule aliyenaswa. Ulibonyeza wewe, mama?"

"Mimi? Hata miwani sikuwa nayo. Ni huyu Trilok ndiye..." Akanigeukia taratibu, kama anavyotugeukia akinusa sigara. "Ulisoma?"

"Mama, hakuna mtu anayesoma yale."

"Sikuulizi habari za watu. Wewe ulisoma?"

Wakili akakohoa. "Kesi itakula mwaka, pengine miwili. Yule bibi anaamua lini?"

"Leo," matroni akasema. Alikuwa ameshapiga simu na kuishikilia mbele ya mdomo wangu, spika ikiwa imewashwa.

"Naigusa miguu yako, bibi," nikasema, kama tunavyowaamkia wazee wetu. "Naitwa Trilok. Tumbo la Mama Pangtey ni zima kabisa. Hakukubali chochote. Ni mimi niliyembonyezea, na sikusoma hata neno moja."

"Kumbe," ikajibu sauti kavu ya kizee. "Wewe ndiye mwanasheria."

"Ndiyo, bibi."

"Basi nisaidie na hili. Tangazo nilionyeshwa na mjukuu wangu mdogo, Pushkar, unayesoma naye. Yeye alitumiwa na nani?"

Mama Pangtey hakupepesa macho. Bwana Harbola akaacha kutafuna.

"Na mimi, bibi," nikasema. "Nilimtumia Pushkar, na darasa zima. Wale wa kampuni waliomba ruhusa, japo kwa hila. Mimi sikumwomba mtu."