Saa ya Kunyonyesha

Twaha alichomoa waya ukutani kabla Secilia hajafika mezani. Skrini ikazimika, na barua ya Bi Sharifa kwa mwanawe aliyeko Maskati, iliyokuwa haijahifadhiwa, ikaenda nayo.

"Imestaki tena," Twaha alisema, waya ungali mkononi. "Umeinuka tu, imestaki."

Secilia alikuwa bado anafunga vifungo vya blauzi. Ukelele wa Twaha ulikuwa umemtoa kibarazani, nyuma ya duka, ambako mama yake alibaki na Danieli, mwanawe mchanga ambaye hakuwa ameshiba.

"Ungeningoja, kaka Twaha. Mashine ilikuwa hai. Kilichoganda ni picha tu."

"Mashine hai inashindwa kusogeza mausi?"

Secilia akafunga kifungo cha mwisho. Hasira ilimpanda, ikakaa humo humo. Tangu utotoni hasira yake haikujua njia ya kutokea.

Siku hizo kila mwenye chumba kinachotazama barabara mjini Lushoto alikuwa amefungua biashara. Twaha alifungua kituo cha intaneti, kwa kompyuta za mitumba zenye Linux, mfumo usiolipiwa. Aliyeuelewa ni Secilia, aliyeusomea chuoni Tanga. Lakini tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, kompyuta ya dirishani iliganda kila alipokwenda kunyonyesha. Mwanzoni Twaha alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi naichezea karata mchana kutwa, haigandi," alisema sasa. "Ukienda kutoa maziwa, inaganda. Vitu hivi haviendani, Mama Danieli. Mwachishe mtoto, au ukae naye nyumbani. Jumatatu nitatafuta msichana asiye na mtoto."

Bi Sharifa, muuza karoti, alijisogeza kwenye benchi. "Twaha mwanangu, kule Kwai ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni. Sijasikia taa zikizimika."

Vijana waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. Secilia hakucheka. Walikuwa wanayacheka matiti yake, na utani ule, hata kama ulikuwa wa kumtetea, ulimchoma.

Akachomeka waya, akaiwasha mashine, akaiandika barua upya jinsi Bi Sharifa alivyoitaja: mvua, msiba wa jirani, salamu za shangazi. Akaihifadhi. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi, akailaza mapajani.

"Unafanya nini?" Twaha aliuliza.

"Siinuki. Si umesema ni kuinuka kwangu?"

Wakangoja. Kibarazani Danieli alianza kunung'unika, halafu akalia, kile kilio cha mtoto anayejua kwamba mama yake yuko karibu. Maziwa yakamtoka Secilia bila kuombwa. Doa likaenea kwenye blauzi, likafika tumboni. Hakulifunika.

"Kamnyamazishe mtoto," Twaha alisema, akitazama pembeni.

"Siinuki."

Ndipo samaki wakatokea. Twaha mwenyewe aliwaweka Secilia alipokuwa likizo ya uzazi, ili mashine ikikaa bila kuguswa waogelee kwenye skrini na kuwavuta wapita njia. Akapita mwekundu. Akapita wa milia. Akaja wa manjano, akafika katikati, akasimama, mdomo wazi.

Secilia akaisukuma mausi. Haikusogeza kitu.

"Nimeinuka?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila hakuna aliyekosa kuisikia.

Twaha akainama kuufuata waya.

"Usiuguse."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Samaki wakapotea, ikaja skrini nyeusi yenye maandishi meupe. "Hii hapa, inafanya kazi. Kifaa chake cha kuchorea picha ni cha zamani, hakiwawezi samaki hawa. Mimi nikikaa naandika, hawatokei. Wewe ukicheza karata, hawatokei. Nikienda kunyonyesha, hakuna anayeigusa, ndipo wanatokea." Akaandika amri fupi ya kuwasimamisha, akarudi kwenye skrini ya kawaida. Barua ya Bi Sharifa ilikuwapo, mpaka nukta ya mwisho.

"Nawafuta."

"Samaki ndio wanaoleta watu hapa, Secilia."

"Na mimi ndiye uliyenifukuza kwa ajili yao."

Twaha akajikuna shingo. "Huenda ni kelele za mtoto pia. Hatujui."

Bi Sharifa akasonya, msonyo mrefu uliovuka chumba kizima.

Secilia akawafuta. Kisha, bila kutoka kitini, akamwita mama yake kwa Kishambaa, amlete mtoto ndani. Akampokea pale pale mbele ya mashine, akajitanda kanga begani. Kilio kikakatika ghafla.

"Haya," alisema. "Tungoje wote, tuone."

Vijana wa mlangoni wakainamisha macho. Twaha alibaki amesimama nyuma ya kiti, hajui aangalie wapi, na hatimaye akaiangalia saa ndogo kwenye kona ya skrini. Dakika ikabadilika. Ikabadilika tena. Humo chumbani kilichosikika ni Danieli akimeza.