Sauti Nyuma ya Sally

Tangu laga, ule mto wa mchanga mtupu pale Kakuma, ifurike ghafla na kumzoa Nasro, Sally alimsikia kila alipokimbia. Walikuwa wakifanya mazoezi pamoja, Sally mbele akikata upepo, Nasro kisogoni. Siku ile Sally alikuwa ameshavuka, na upepo umemjaa masikioni. Hakusikia maji wala mtu. Sasa alisikia mno: nyayo, kisha sauti ikimwita, "Sally."

Akamwendea Magool, mama yake Nasro, dukani kwake. Magool hakulia. Alimshika mkono.

"Mwanangu, ukiitwa na usiyemwona, usiitike wala usigeuke. Atakuchukua."

Mama wa watu alishapoteza mmoja, hakutaka kupoteza wa pili. Nani atamlaumu?

Basi mbio za Lodwar zikafika. Mshindi peke yake ndiye angekwenda kambi ya taifa, na Sally aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Jua la Lodwar halina huruma, nyie mnalijua. Kuelekea mwisho walibaki wawili, Sally mbele na Jeptoo, binti wa polisi mmoja wa Lodwar, nyuma. Kwenye meza ya mwisho ya maji ilikuwa imebaki chupa moja, akaichukua Sally.

Mara nyayo za nyuma zikakatika.

"Sally."

Nywele zikamsimama.

"Sally, tafadhali."

Leo anabembeleza, Sally akawaza, na woga ukampa miguu mingine. Sauti ikaita tena, hafifu. Hakugeuka. Akakata utepe, watu wakamzunguka kwa vigelegele.

Ndipo pikapu ikaja na Jeptoo amelazwa nyuma, midomo imepasuka, anamwagiwa maji. Alikuwa hai, ashukuriwe Mungu.

"Nilianguka, nikakuita," Jeptoo alisema. "Chupa ilikuwa mkononi mwako. Na ulisikia, Sally. Niliona mabega yako yakishtuka."

Sally alifungua mdomo amweleze habari za Nasro, akashindwa. Ilikuwa kweli, lakini ingesikika uongo mtupu. Akawaendea wasimamizi, akawaomba nafasi wampe Jeptoo. Wakamcheka: mbio ni mbio, dada.

Akaenda kambi hiyo ya taifa. Nasro hamsikii tena, hata akisimama amtegee sikio. Anayemwita sasa kila akianza kukimbia ni Jeptoo, naye yu hai, yuko kwao Lodwar, wala hana habari.