Chuo Kilicholeta Posa

Bi Shariffa alisema hakuna aliyepata kuchukua binti katika nyumba yake bila kuulizwa ukoo, na hicho chuo nacho kitaulizwa.

"Kinataka kunichukulia mjukuu miaka mitatu," alisema. "Basi kije kwa adabu kama wanavyokuja wenzake. Kazaliwa wapi, kalelewa na nani, ana kazi gani, na nyumba anayokaa ni yake au ya watu. Nkisharidhika ntampa."

Rawan, mjukuu mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minane, alicheka. Kisha akamtazama bibi yake na kicheko kikamwishia mdomoni. Chuo kilikuwa cha uchumi, huko Poland, katika mji ambao jina lake hakuna mtu nyumbani mle aliyeweza kulitamka mara mbili kwa namna moja. Kilikuwa kimeshampa nafasi, na kilitaka jibu lake Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Baba yake, Yaqdhan, mwenye stoo ya matairi kule mtaa wa Ghala, Maskati, moyoni alikwisha kubali. Lakini Yaqdhan hakununua hata gari bila radhi ya mama yake, sembuse kupeleka mtoto Ulaya.

Ikabaki kazi ya kusoma. Bi Shariffa macho yake yalimtosha kuonea mlango tu, na habari ya kuhama kwa mtoto alitaka kuisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo, Kiswahili, si Kiarabu cha televisheni wala Kiingereza cha shule. Rawan alizitia kurasa za chuo kwenye mashine ya kufasiri, akazichapa ofisini kwa baba yake. Kiswahili alikisema kama maji, ila kukisoma alikuwa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo msomaji akawa Eufrasia.

Eufrasia alikuwa binti wa Kihaya kutoka Bukoba, mwaka wake wa tatu katika nyumba hiyo ya Bawshar. Alipika, alifua, alimwongoza Bibi chooni na kumtilia dawa za macho. Shule yake iliishia darasa la saba. Hata hivyo kusoma kwa sauti alikujua, kwa sababu kwao kigangoni ndiye aliyekuwa akipewa kusoma masomo ya misa ya Jumapili. Alikuwa mtu wa kungoja na kutazama. Akiletewa kitu kipya hakukishika upesi. Alikizunguka kwanza kwa macho.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, alikaa kwenye zulia miguuni pa Bibi, kahawa na tende zikiwa katikati yao, akaanza na kuzaliwa.

Chuo kilikuwa na umri wa miaka mia na kidogo. Kabla yake, karatasi ilisema, nchi yenyewe ya Poland haikuwapo kwenye ramani kwa miaka mia na ishirini na mitatu. Majirani watatu walikuwa wameigawana. Eufrasia alisimama hapo. Aliwahesabia watu hao vizazi vyao kwenye vidole: babu, baba, mwana, mjukuu, kitukuu, wote wakiitwa watu wa nchi isiyokuwapo. Nchi iliporudi, walimu na wafanyabiashara wa mji ule walikaa pamoja wakasema, tuna bendera sasa, lakini nani atajua kuendesha soko, benki na forodha? Ndipo wakaanzisha shule ya biashara, katika vyumba vya kupanga.

"Kazaliwa maskini," Bibi alisema. "Si kitu. Endelea."

Halafu yakaja majina. Kwanza ilikuwa shule ya biashara, kisha akademia ya biashara, kisha shule kuu ya uchumi, kisha akademia ya uchumi, na sasa chuo kikuu. Bibi alikunja uso. Akasema mtu anayebadilisha jina mara nne ana jambo analolikimbia.

"Labda ni kama mwanamke, Bibi," Eufrasia alisema taratibu. "Leo binti wa fulani, kesho mke wa fulani, halafu mama fulani, halafu bibi wa fulani. Na mtu ni yule yule."

Bi Shariffa alicheka hadi shela ikamwanguka. Akamwambia Rawan amtilie msomaji kahawa.

Lakini ukurasa uliofuata haukumchekesha mtu. Vita vilikuja, Wajerumani wakaishika nchi, wakafunga vyuo vyote. Aliyetawala aliamua kwamba Mpolandi shule ya msingi inamtosha, na ufundi kidogo wa mikono, basi. Zaidi ya hapo atajisumbua bure. Eufrasia aliusoma mstari huo, akaurudia bila kuambiwa. Nchi nzima iliwahi kukatiwa masomo pale pale alipokatiwa yeye. Na walimu wakafanya nini? Wakaandika mlangoni kwamba hapa ni kozi ya makarani, na ndani, kwa sauti ya chini, wakafundisha chuo kikuu. Ukikamatwa ni kifo au kambi. Wanafunzi walikuja na madaftari yao chini ya makoti. Vita vilipokwisha, chuo hakikuanza upya. Kilifungua tu madirisha.

Bi Shariffa aliweka kikombe chake chini.

"Huyo mwanamme," Bi Shariffa alisema mwishowe, kana kwamba chuo kimesimama mlangoni na kanzu yake. "Huyo nnamheshimu."

Jumatatu ikawa zamu ya kazi zake. Kulikuwa na masomo ya uchumi, ya fedha na hesabu za makampuni, ya uhusiano wa nchi na nchi, ya utalii, ya kuendesha miji. Na kulikuwa na somo ambalo Rawan alilichagua, mashine ya kufasiri ikaliita elimu ya bidhaa. Eufrasia alilisoma polepole, asiamini. Watu walikaa darasani miaka mitatu kujifunza majani ya chai: yalikotoka, yana nini ndani, mfanyabiashara mwizi huyachanganya na nini, na utamjuaje. Walisoma unga, sabuni, ngozi, mafuta ya kula. Palikuwa na vyumba vyenye vipimo vya kioo, na maprofesa waliozeeka kwa kuchunguza asali.

Alitazama mikono yake. Yeye unga ulioanza kuoza aliujua kwa kuutia kiganjani, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni jambo. Sasa aliona kwamba mahali fulani duniani, penye theluji, limejengewa nyumba.

Jumanne ukabaki ukurasa mmoja, wa jengo. Eufrasia aliusoma kwa sauti yake nzuri kuliko zote, maana kulikuwa na picha: nyumba kubwa ya matofali yenye mnara katikati na miti mbele. Jengo hilo, alisoma, lilijengwa kwa mali ya tajiri mmoja wa ukoo mkubwa aliyeacha utajiri wake ili wavulana yatima wapate pa kulala na wafundishwe kazi: useremala, uhunzi, kujalidi vitabu. Baada ya vita, serikali ililitoa jengo kwa chuo cha uchumi, na hadi leo kimo humo.

Bi Shariffa aliinua mkono.

"Rudia."

Akarudia.

"Basi huo ni wakfu," Bibi alisema. "Mtu kaacha mali yake kwa ajili ya mayatima. Na hawa wamo ndani. Mayatima wako wapi?"

Karatasi haikusema. Eufrasia aliigeuza nyuma, kulikuwa kweupe.

Bibi alijifunika shela yake vizuri. Alisema chuo ni cha heshima, kina elimu, kina ushujaa, na yeye hana neno nacho. Lakini mali ya yatima ni moto, na mjukuu wake hatakwenda kulala juu ya moto. Posa haikukubaliwa.

Rawan alimfuata Eufrasia jikoni. Akamuuliza kwa nini aliisoma sehemu ile. Si angeiruka tu, yaani mistari miwili, nani angejua? Eufrasia haikumjia kabisa kwamba mtu akipewa maneno ya kusoma anaweza kuyaruka. Rawan akamwambia, "Umenimaliza, Da Efu," akaenda chumbani kwake na hakutoka kula.

Jumatano Yaqdhan alijaribu. Alimweleza mama yake kwamba huko kulikuwa na serikali iliyochukua majumba yote, ya matajiri na ya makanisa, na chuo hakikumpora mtu. Bibi akamjibu kwamba mwizi akikupa mbuzi, ukimla umekula wizi. Yaqdhan akarudi Ghala kwenye matairi yake.

Eufrasia alipiga pasi kanzu tano siku hiyo, akiwaza. Hakuwaza juu ya dini ya Bibi, ambayo haikuwa yake. Aliwaza juu ya wale wavulana. Aliwaona wakijifunza kujalidi vitabu katika nyumba ile ile ambamo baadaye watu walikuja kuvisoma. Alipomaliza kanzu ya tano alichomoa pasi, akaenda akakaa kwenye zulia.

"Bibi, mimi ni yatima," alisema.

Bi Shariffa alikuwa akivuta tasbihi. Akaacha.

Eufrasia akamwambia yale ambayo katika miaka mitatu hakuulizwa: kwamba baba alikufa yeye akiwa na miaka minne, na mama yeye akiwa na kumi na mmoja, na shangazi aliyemchukua aliweza kumfikisha darasa la saba, kisha hakuweza tena. Akauliza, lau angekuwa mmoja wa wale wavulana, angependa nyumba yake ifungwe ili isiguswe, au watu wasomee ndani yake? Yeye kwa upande wake angependa wasomee. Kama haki ile ni ya mayatima, na hao wa kule hawapo, basi yeye aliye hapa anasamehe.

Bibi aliutafuta uso wa Eufrasia kwa macho yake ya ukungu.

"Hapana," alisema. "Mnyonge husamehe kwa sababu kashazoea kunyimwa. Mie msamaha huo siutaki." Akamwita Rawan kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Rawan akaja, macho mekundu. "Sikiliza. Anayekaa katika nyumba ya yatima hulipa kodi. Utakwenda Bolanda, na kodi yake ntaiweka mie. Kila watakachokusomesha mle ndani, utamsomesha Eufrasia kwa simu, kila Ijumaa. Usiache kitu. Siku utakayopunja, radhi yangu inarudi. Wewe Eufrasia, umekubali kodi hiyo, au unataka nyingine?"

Eufrasia aliitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba Bibi haoni vizuri, akasema, "Nimekubali."

Rawan tayari alikuwa ameshika simu apeleke jibu. Bibi akamkamata mkono.

"Kodi hulipwa kabla ya kuingia."

Basi Rawan akaleta kitabu chake cha uchumi cha sekondari, wakakaa zuliani, akaanza ukurasa wa kwanza. Mwanzoni alikwenda mbio kama mtu anayetaka kumaliza adhabu. Alieleza kwamba nchi ina namna ya kujumlisha kazi zote zinazofanywa ndani yake kwa mwaka, ikajua imetajirika au imefilisika. Eufrasia alimsikiliza bila kupepesa. Kisha akamzuia.

"Kwetu nilifua, nilipika, nilimuuguza mama hadi akafa. Hapa nafua, napika, namtilia Bibi dawa. Ile ya kwetu walijumlisha?"

Rawan alitafuta kwenye kitabu. Alifungua ukurasa wa pili, wa tatu. "Hapana," alisema. "Hii ya hapa ina mshahara, ndiyo inahesabiwa. Ile haimo."

"Kazi ni ile ile na mikono ni ile ile. Kimebadilika nini?"

Rawan alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alifunga kitabu, akachukua kalamu, na nyuma ya picha ya ile nyumba ya matofali akaliandika swali lile neno kwa neno, akampa Eufrasia alisome kama limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa. Akasema hilo yeye halijui, na mwalimu wake wa hapa Maskati hakuwahi kulisema, lakini kule lazima yuko mtu aliyezeeka akilichunguza, na huyo ndiye atakayemtafuta kwanza.

"Sasa peleka jibu," alisema Bi Shariffa.